Huruma Si Hukumu: Kuhusu Filamu ya I, Tonya

Tangu filamu ya I, Tonya ya Craig Gillespie ionyeshwe mwaka 2017, wapo watazamaji wanaodai kwamba imemtendea haki Tonya Harding, Mmarekani mchezaji wa kuteleza kwenye barafu. Mwaka 1994 Harding alikiri kukwamisha mashtaka ya shambulio dhidi ya mpinzani wake, Nancy Kerrigan, akapigwa marufuku ya maisha na chama cha mchezo huo. Hoja ya watazamaji hao ni moja: walimhurumia. Hoja hii haina mashiko. Huruma huzalishwa na mbinu za usimulizi. Haiwezi kuwa kipimo cha haki.

Ni kweli kwamba filamu inaonyesha ukatili wa mama na mume, pamoja na dharau ya waamuzi kwa binti wa tabaka la chini. Hilo lastahili sifa. Hata hivyo, yafaa kuuliza ni nani aliyepewa usemi. Mbele ya kamera wanapokezana na kupingana Tonya, mumewe wa zamani, mama, mkufunzi, mlinzi, hata mwanahabari. Kerrigan, aliyepigwa mguuni, hana nafasi hiyo. Wingi wa sauti usiomjumuisha aliyejeruhiwa ni ukimya uliopambwa. Mhakiki anayeishia kwenye machozi yake amejihakiki mwenyewe. Filamu bado inamsubiri.