Kijerumani cha supamaketi, maisha ya gulioni

Jamani, hili limenikaa rohoni muda mrefu, wacha niliseme.

Nilikuwa Ngara nikamkuta kijana ameinamia daftari. Anajifunza Kijerumani, anataka kwenda Ujerumani kusomea uuguzi, na amefika kwenye somo la manunuzi. Nikamwomba anisomee. "Wo kaufst du ein?" Yaani, unanunua wapi mahitaji yako? Akajijibu bila kukwama: "Im Supermarkt."

Nikamuuliza kwa Kiswahili, supamaketi ipi hiyo? Akacheka. Kwao wananunua gulioni mara moja kwa wiki. Chumvi ikiisha katikati ya wiki wanakopa duka la jirani, wanaandikwa kwenye daftari.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Kijana anafundishwa kudanganya kuhusu maisha yake mwenyewe, halafu anapewa vema!

Najua wapo watakaosema anakokwenda kuna supamaketi, basi ajifunze ya huko. Sawa, ajifunze. Lakini anayedhani Kijerumani hakina maneno ya maisha yetu, huyo hajakijua Kijerumani. Kukopa dukani na kuandikwa, wenyewe wanaita "anschreiben lassen". Kuvutana bei ni "feilschen". Ukitaka upunguziwe unasema: "Geht das etwas billiger?" Hata "Pfand", ile pesa unayorudishiwa ukipeleka chupa tupu, haiwezi kumbabaisha mtu aliyekulia kwenye kuacha hela dukani ili aondoke na chupa ya soda. Maneno yapo. Kwa nini mwanafunzi wa Ngara asianze na hayo?

Na tusijifanye Kijerumani cha sokoni ni kitu kigeni kwetu. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ya Wajerumani ilibadili sarafu: rupia moja, iliyokuwa pesa 64, ikawa heller 100. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yakawatimua Biharamulo. Boma lao bado limesimama pale, lakini heller ilikwisha zamani. Neno likabaki: hela. Vuka mpaka kutoka Ngara uingie Burundi, fedha wanaiita "amahera". Ni hela hiyo hiyo!

Babu zetu hawakulikariri neno hilo darasani. Walibanwa walipe kodi kwa sarafu ya mkoloni, wakalichukua neno lake, wakalilainisha mpaka likakaa vizuri mdomoni, na leo tunapatania bei nalo kama vile ni la kwetu tangu zamani. Wao, waliotawaliwa kwa kiboko, waliigeuza lugha ya mtawala iseme shida zao. Sisi wenye shahada tunajigeuza wenyewe ili tufanane na kitabu. Nani hapo msomi?

Kwa hiyo, mwalimu, kabla hujamwingiza mwanafunzi supamaketi, muulize jana kwao walinunua nini, kwa nani, kwa kupatana au kwa kukopa. Mpe maneno ya kusema hayo kwanza. Mwache aseme ukweli: "Ich kaufe einmal pro Woche auf dem Markt ein."

Maana siku moja atakuwa wodini huko Ujerumani, na bibi mgonjwa atamuuliza: na kwenu mnanunuaje vitu? Kijana wetu, mwenye cheti chake mfukoni, atajibu nini? Atamtajia supamaketi ambayo haipo, au atakaa kimya?

Naomba kutoa hoja.