Dawa ile ile kila musimu: ni majani tunapanda

Raia wenzetu, vijana wa Uvira, Bukavu na Goma,

Mu bonde la Ruzizi, mulimaji wa mupunga anauziwa bido ya dawa ya kuuwa majani. Etiketi iko mu luga asiyosoma. Agronomu hayuko. Wanamwambia tu: «Pulizia, yatakufa.» Na sisi wa mujini tunasema ni mambo ya mashamba. Hapana! Ule mupunga ndio sahani yetu.

Tuelewane. Dawa haifundishe majani kuwa kichwa ngumu. Kati ya maelfu ya majani, machache yanazaliwa tayari na nguvu ya kuivumilia. Mengine yanakufa, hayo yanabaki na kutoa mbegu. Ukirudilia dawa ile ile kila musimu, mwishowe shamba lote ni watoto wa yale yaliyoponyoka. Na ukiizidisha maji juu feza ni kidogo, mengi zaidi yanapona.

Angalia Arkansas, kule Marekani. Walipulizia propanil miaka na miaka. Kufika 1990, jani moja linalofanana sana na mupunga likawa haliisikie tena. Mwaka 2002 wakaletewa mupunga wa Clearfield, unaovumilia dawa ya aina ingine. Mupunga wa pori ukazaliana nao, ukachukua nguvu ile ile. Na wale wako na matrakta na maabara! Sisi tuko na jembe na mama aliyeinama. Siku dawa itakataa, ni yeye atarudilia kung'oa na mikono, huku deni la bido lingali kwenye kichwa chake.

Inchi iko na sheria ya kilimo tangu 24 Desemba 2011. Lakini karatasi haiuwe hata jani moja. Kwa hiyo tunadai:

– etiketi ya Kiswahili, na dawa ichunguzwe ku mpaka na ku soko;
– agronomu wa serikali afike shambani, na alipwe. Vijana waliosoma kilimo wamejaa mujini bila kazi!
– mbegu safi, na mifereji itengenezwe: maji yakisimama vizuri shambani, majani mengi hayaote.

Na kwenu walimaji: mubadilishe aina ya dawa yenyewe, si jina la bido tu. Jani lililobaki ling'olewe mbele ya kutoa mbegu.

Anayenyamaza leo, kesho asilie bei ya muchele. Sisi hatutanyamaza.