Safari Rally kwenye gemu: Kwa nini anayecheza huielewa zaidi mbio yenyewe

Mwaka 2020 Korona ilifuta Safari Rally ya Kenya. Lakini Septemba mwaka huo huo gemu la WRC 9 likatoka likiwa na barabara za Kenya ndani yake. Mashabiki wakazipita kwenye skrini kabla ya mbio kurejea Naivasha Juni 2021, baada ya kukosekana kwenye mashindano ya dunia tangu 2002.

Je, gemu linamfanya shabiki asahau mbio za kweli? Hapana, mara nyingi linamrudisha huko.

Hili si gemu la kukanyaga mafuta tu. Unamsikiliza navigeta akikusomea kona usiyoiona bado. Unachagua tairi. Ukigonga jiwe, gari linaharibika na unaendelea nalo hivyo hivyo.

Chukua mfano wa 2021. Thierry Neuville alianza siku ya mwisho akiongoza, shokapu ya nyuma ikamwangusha, Sébastien Ogier akabeba ushindi. Anayetazama tu ataita bahati mbaya. Aliyewahi kuvunja gari kwenye gemu anajua kwamba Safari haitaki kasi pekee, inataka gari lifike.

Ila kuna kitu gemu haliwezi kukupa. Ukipinduka, unabonyeza kitufe unaanza upya. Naivasha hakuna kitufe hicho, na ndani ya gari kuna watu wawili. Ndiyo maana hata aliyemaliza Kenya mara kumi kwenye skrini bado anashika roho magari yakiingia Hell's Gate.