Michezo ya Upelelezi Redioni Si Shule ya Wezi



Muhula uliopita Padre mmoja alitukuta bwenini tumezunguka simu, tunasikiliza mchezo wa redio wa zamani. Bastola ikalia, mtu akaanguka. Padre akauliza, "Vijana, mnajifunza kuua?" Tulicheka, lakini swali lile lastahili jibu.

Mchezo wenyewe ni The Adventures of Sam Spade, ulioanza kutangazwa Marekani mwaka 1946. Spade ni mpelelezi aliyetoka katika The Maltese Falcon, riwaya ya Dashiell Hammett ya mwaka 1930. Hammett naye aliwahi kufanya kazi ya upelelezi kabla ya kushika kalamu. Kiingereza chake chaenda mbio, nasi tuliozoea Kifaransa hatukushika kila neno. Hata hivyo tulisikia viatu ngazini, mlango ukilia, na katikati ya hatari, tangazo la mafuta ya nywele!

Sikatai kwamba baadhi ya michezo hiyo ina bastola nyingi kuliko busara. Lakini tazameni jinsi ulivyojengwa. Spade humwita karani wake, Effie, akamsomea ripoti aandike: tarehe, jina la mteja, leseni namba 137596, kisha aliyoyaona na kuyasikia tangu mwanzo hata mwisho. Mchezo mzima ni ripoti. Na mara nyingi yule tuliyemshuku kwanza siye.

Tena redioni humwoni mtu pua wala kimo. Huna la kumhukumia ila maneno yake na matendo yake. Ndugu zangu wa Burundi, mwajua kwa nini nalitaja jambo hili.

Nami nina deni la kulikiri. Tulipokuwa kidato cha pili, mwenzetu alipoteza faranga 20,000 bwenini. Mimi ndimi niliyekuwa wa kwanza kutaja jina. Nilimtaja mgeni aliyetoka mkoani, mkimya, asiye na rafiki, aliyeonekana karibu na kitanda kile. Mmoja akasema, "Dalili ya mvua ni mawingu," na kesi ikaisha hapo. Kwa muda wa siku tisa hakuna aliyekula naye meza moja. Siku ya kumi mwenye fedha alizikuta ndani ya bitana la mfuko wake mwenyewe.

Nilikaa siku tatu nyingine kabla ya kwenda kumwomba radhi, kwa aibu. Alinijibu neno moja tu: "Hukuniuliza." Muhula ulipokwisha aliondoka, wala hakurudi.

Kama kitanda kimoja na faranga 20,000 vyaweza kuleta dhuluma hiyo, uvumi wa mji mzima waweza kuleta nini? Wazee wetu wanajua jibu, na wengi wao hawapendi kulisema. Katika nchi yetu watu wamekufa kwa sababu ya neno lililopita mdomo hata mdomo bila mtu kuuliza, "Nani aliona?" Swali hilo ndilo mpelelezi wa redioni huliuliza kila juma.

Wala mchezo wa redio si mgeni kwetu. Mwaka 1997 Studio Ijambo, hapa Bujumbura, ilianza Umubanyi Niwe Muryango, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri, juu ya familia mbili jirani, moja ya Wahutu na moja ya Watutsi. Mchezo ule ulifundisha ujirani. Sasa na tupate mchezo wa kufundisha ushahidi.

Na tusiseme kwamba Kiswahili hakina wapelelezi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alituletea Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960. Maiti inakutwa mahali pa mizimu. Wengine wanaogopa, Bwana Msa anafuata dalili. Huyo angefaa kabisa kusikika redioni.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Chama chetu cha michezo ya kuigiza kitunge kisa chetu wenyewe cha upelelezi, cha Kiswahili, chenye soko la Buyenzi na mawimbi ya Tanganyika ndani yake. Tukirekodi, tukisikilize ukumbini Jumamosi baada ya chakula cha jioni. Nanyi mliotutangulia, mlio katika kazi za redio, njoni mtuonyeshe namna ya kuweka sauti.

Padre namwalika aketi mbele. Dalili ya mvua ni mawingu, kweli. Lakini si kila wingu hunyesha, na anayetaka kujua hana budi kutoka nje akatazame.