Daftari la Wiki: Maksai wa Waturuki

Neno la maksai limeenea karibu katika lugha zote za Kituruki. Huko Uturuki maksai huitwa öküz, kwa Wakazaki ögiz, kwa Wauzbeki hoʻkiz, kwa Wauyghuri höküz. Mahmud al-Kashgari aliliandika öküz katika kamusi yake ya Kituruki kwa Kiarabu, aliyoitunga Baghdad miaka ya 1070. Kwa ushahidi huo pekee, neno la asili lingehesabiwa kuwa lilikoma kwa z.

Kichuvashi, lugha ya kando ya mto Volga nchini Urusi, hakikubaliani na hesabu hiyo. Huko mnyama huyu ni văkăr. Wala si neno moja lililoteleza: tisa ni dokuz kwa Kituruki cha Uturuki na tăxăr kwa Kichuvashi, mia ni yüz na śĕr, msichana ni kız na xĕr. Ulinganifu unaojirudia hivyo ndio unaowapa wanaisimu ujasiri wa kuunda upya neno la lugha mame na kulitia kinyota, alama ya kwamba halijapata kuonekana katika maandishi yoyote.

Kihungari si lugha ya Kituruki, lakini husema ökör, na ndama humwita borjú, ambaye huko Uturuki ni buzağı. Maneno hayo yalitoka kwa wasemaji wa lugha jamaa ya Kichuvashi. Kwa hiyo r katika tawi hilo ni ya kale sana, ingawa hilo peke yake halithibitishi kwamba ndiyo iliyotangulia z.

Ushahidi mzito zaidi uko mashariki. Kimongolia cha karne ya 13 kina hüker, mbali kabisa na Volga. Wanaotetea z hujibu kwamba hata Wamongolia walipata kuishi jirani na wasemaji wa tawi la r. Jibu hilo lawezekana, lakini linadai ujirani mpana na wa muda mrefu, kwa kuwa maneno ya Kimongolia yenye r ya namna hii ni mengi. Dhana ya r maalumu, inayoandikwa ŕ, iliyobaki r upande mmoja na kugeuka z upande mwingine, inaeleza mambo kwa wepesi zaidi. Herufi h ya Kimongolia, inayosikika pia kwa Wauzbeki na Wauyghuri, huwafanya wengi waandike *hökür au umbo la karibu nalo, r yake ya mwisho ikiwa hiyo ŕ.

Wapo wanaolipeleka neno mbali zaidi, hadi kwa Watokari wa bonde la Tarim, ambao maksai wao aliitwa okso. Maana inaafikiana na ujirani ulikuwepo. Hata hivyo okso huanza kwa irabu, na h haiwezi kuzuka bila sababu. S nayo kugeuka ŕ kunahitaji mifano mingine. Mpaka mifano hiyo ipatikane, *hökür ibaki kuwa neno la Waturuki wenyewe.