Makaburi ya Kua ni ya Nani?



Wapendwa Taifa la Mungu, katekisimu tuliyofundishwa tukiwa watoto inataja matendo saba ya huruma ya kimwili, na mojawapo ni kuzika wafu. Tendo hili halikomi pale udongo unapofukiwa na waombolezaji wakatawanyika. Kaburi huhitaji mtu wa kulipalilia, mtu wa kukumbuka ni nani aliyelala humo, na mtu wa kusimama mbele ya wakubwa na kutamka kwamba hapa pana watu wetu. Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya makaburi ya kale ya Mafia, hasa yale ya Kua, na kuuliza ni nani anayestahili kukabidhiwa ulinzi wake.

Wengi wetu tulifika kisiwani hapa kwa kazi ya ualimu, uuguzi, utumishi wa serikali au biashara. Tunakijua Kilindoni, tunakijua Utende, na mara nyingi tunaishia hapo. Ng'ambo ya maji kiko Chole, na nyuma yake Juani, ambako magofu ya mji wa Kua yamezongwa na mibuyu na mizizi ya miti. Hapo pana jumba la watawala, misikiti kadhaa, na makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mji huo uliangamia mwanzoni mwa karne ya 19, pale Wasakalava kutoka Madagaska walipouvamia, wakaua watu na kuchukua mateka. Baada ya hapo Chole ikawa makao ya utawala, na hatimaye, wakati wa Wajerumani, makao yakahamia Kilindoni. Kua haikujengwa tena. Hata hivyo, watu wa Juani hawakuiacha. Hadi leo wapo wanaofika kuwaombea waliolala pale na kutoa sadaka zao kwa desturi walizozirithi.

Kwa mujibu wa sheria, mabaki ya namna hii yamo katika himaya ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Juu ya hilo, Juani yenyewe imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini. Hivyo mwanakijiji wa Juani huvua katika maji yenye mamlaka yake, na huwazuru wazee wake katika magofu yenye sheria yake. Nia ya sheria hizo ni njema. Bila ulinzi wa serikali, mawe ya Kua yangeweza kugeuka misingi ya nyumba. Katika pwani yetu yote, bakuli za kaure za Kichina zilizopachikwa kwenye makaburi ya kale zimeng'olewa na wapita njia, zikabaki tundu tupu. Hatuwezi kubeza kazi ya wale waliozuia uharibifu huo.

Lakini kulinda mawe ni jambo moja, na kuwatunza wafu ni jambo jingine. Ofisi za umma hubadilika. Tumeona magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, yakitoka katika usimamizi wa Idara ya Mambo ya Kale na kuwekwa chini ya mamlaka inayosimamia wanyamapori. Pengine mamlaka hiyo ina watumishi na vyombo zaidi, nasi hatulaumu. Tunaloliona ni kwamba ofisi huhama, watumishi hustaafu, mafaili hubadilisha makabati, ila kijiji kilicho kando ya kaburi hubaki pale pale. Kwa hiyo maoni yetu ni haya: makaburi ya kale yaliyo katika ardhi ya umma, yakiwemo ya Kua, yakabidhiwe rasmi kwa jamii zinazoishi nayo, wawe walinzi wanaotambuliwa na sheria badala ya kuwa wageni wanaoomba ruhusa ya kuingia.

Jambo hili si geni. Majirani zetu wa Kenya walilifikiria kuhusu kaya za Wamijikenda, misitu mitakatifu yenye mabaki ya vijiji vya mababu na makaburi yao. Kuanzia mwaka 1992 kaya zilianza kutangazwa kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 zikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, huku wazee wa kaya wakiendelea kutambuliwa kuwa ndio watunzaji wa mila zake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inahesabu mahali patakatifu panapotumiwa na jamii kuwa miongoni mwa ardhi ya jamii. Kaya hizo hazikuepuka tamaa ya wanyang'anyi wa ardhi, lakini wazee wana msingi wa kisheria wa kusimama juu yake wanapodai haki. Nchini Marekani nako, sheria ya mwaka 1990 iliyataka majumba ya makumbusho yanayopokea fedha za serikali kuu kuyarudishia makabila ya wenyeji mabaki ya wafu wao. Dunia imeanza kutambua kwamba mfu ana ndugu kabla hajawa na mtafiti.

Wapo watakaouliza: hiyo jamii ni ipi? Swali ni la haki, kwani Mafia haina kabila moja. Wapo Wambwera, Wapokomo, Wagunya na wengine wengi, na wapo wazao wa watu walioletwa kwa nguvu kutumikia mashamba ya minazi. Simulizi za kisiwa zenyewe zinatuonya. Husimuliwa kwamba watu wa Kisimani, wakishusha jombo baharini, walilipitisha juu ya miili ya watoto wa Kua; na kwamba watu wa Kua, baada ya kungoja kwa miaka, waliwaalika wenzao arusini, wakawafungia katika chumba cha chini ya ardhi mpaka wakafa. Iwe kweli au hadithi, wazee waliotusimulia walitaka tujue kwamba chini ya magofu yale wamo waliodhulumu na waliodhulumiwa. Tena wenye makaburi ya mawe walikuwa wenye nacho. Watumwa wao walilazwa katika udongo usio na alama, nao ni wafu vile vile.

Kwa sababu hiyo hatungependa makaburi yakabidhiwe ukoo mmoja unaodai nasaba bora kuliko wengine. Tunayo njia iliyo tayari: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inaweka ardhi ya kijiji mikononi mwa Halmashauri ya Kijiji chini ya Mkutano Mkuu, ambamo kila mtu mzima ana sauti. Ulinzi wa makaburi ukabidhiwe kwa njia hiyo hiyo, kwa maandishi, pamoja na sharti kwamba ardhi hiyo haiuzwi wala haikodishwi kamwe. Sehemu ya ada inayolipwa na wageni ibaki kijijini. Nayo serikali isitumie makabidhiano kuwa kisingizio cha kunawa mikono. Ukuta wa chokaa ukizibwa kwa saruji huharibika zaidi, na fundi anayejua hilo hapatikani kila kijiji. Huko Kisimani bahari imekwisha kuumeza sehemu kubwa ya mji wa kale. Hakuna kamati ya kijiji inayoweza kuyazuia mawimbi peke yake. Kijiji kiwe mlinzi, taifa liwe msaidizi wake asiyechoka.

Sisi Wakatoliki wa Mafia tu wachache, na pengine mtu atasema kwamba makaburi ya Waislamu na mila za Juani si shauri letu. Hebu tumkumbuke baba yetu Ibrahimu. Sara alipofariki, Ibrahimu alikuwa mgeni kati ya Wahiti, hana hata kipande cha ardhi cha kumzika mkewe. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 23, kinatueleza jinsi alivyoinama mbele ya wenyeji, akaomba pango la Makpela, na akalilipia shekeli 400 za fedha mbele ya mashahidi langoni pa mji, ili pasiwe na mtu wa kulidai baadaye. Ardhi ya kwanza aliyoimiliki katika nchi ya ahadi ilikuwa kaburi, na alitaka umilikaji huo ujulikane hadharani.

Sisi nasi ni wageni kama yeye. Baadhi ya marehemu wetu husafirishwa bara, wengine huzikwa hapa hapa, katika ardhi ambayo wenyeji wametupisha. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaagiza kwamba, inapowezekana, Kanisa liwe na makaburi yake, au walau sehemu katika makaburi ya umma kwa ajili ya waamini wake. Tukijiombea haki hiyo, hatuwezi kuwanyima jirani zetu haki ya kuwatunza wafu wao. Hatushiriki kila desturi yao, wala wao hawashiriki zetu. Lakini heshima kwa waliolala haihitaji kwanza tukubaliane katika sala.

Basi, ndugu zangu, suala hili likifika katika mikutano ya vijiji na kata mnamoishi, msikae kimya. Walimu mnaowapeleka wanafunzi Kua, watafuteni kwanza wazee wa Juani wawaongoze, na mwafundishe watoto wasiokote hata kigae kimoja. Na katika sala zetu kwa ajili ya marehemu, tuwakumbuke pia wale wasio na jina wala jiwe, ambao Mungu peke yake anajua walipolala.

Mungu awabariki nyote.