Akiumia shingo, msimkurupukie

Kila anayefuatilia ndondo za Tabora anaijua picha hii. Mpira wa juu, vichwa vinagongana, mmoja anadondoka vibaya na kubaki chini. Mashabiki wanapiga kelele, "Anapoteza muda huyo, mtoeni!" Wenzake wanafika mbio: wawili mikono, wawili miguu, kichwa kinaning'inia. Muda si mrefu yuko kwenye bodaboda, kabanwa katikati ya dereva na rafiki yake, safari ya Kitete.

Nia ni njema, lakini ndiyo inayoweza kumlemaza. Pingili ya shingo ikivunjika, mishipa ya fahamu iliyopita ndani yake inaweza kuwa bado mizima. Ni kule kuning'inia kunakoweza kuibana au kuikata. Aliyeanguka akiwa anachezesha vidole vya miguu anafika hospitali havisikii tena. Hapo hata rufaa ya MOI, zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam, hairudishi kilichokatika.

Neymar aligongwa goti la mgongo dhidi ya Colombia, Julai 4, 2014. Pingili ilivunjika, Kombe la Dunia likamwishia. Lakini mishipa ilibaki salama, na mwaka uliofuata alifunga bao fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mfupa huunga. Mishipa ndiyo ya kulindwa.

Kuilinda hakuhitaji miujiza. Mmoja apige magoti nyuma ya kichwa cha majeruhi, akishike kwa mikono miwili kitulie. Majeruhi asikalishwe, asipewe maji, aulizwe kama anasikia vidole. Kama hapumui, pumzi kwanza: taya lisukumwe mbele bila kupinda shingo, na kifua kikandamizwe. Kumhamisha ni kazi ya watu wanne au zaidi. Aliyeshika kichwa ndiye anayehesabu, wote wanamgeuza pamoja kama gogo moja, kisha ubao unaingizwa chini yake.

Tabora si mgeni wa kubeba watu. Enzi za misafara ya Bagamoyo na Ujiji, aliyeshindwa kutembea alibebwa kwa machela. Ila machela ya kitambaa inabonyea. Wa shingo anataka ubao mgumu, na mafundi seremala wamejaa mjini.

Kwa hiyo vyama vya soka vya mkoa na wilaya viweke sharti moja: hakuna ubao, hakuna mtu aliyefunzwa, hakuna filimbi. Wauguzi wapo, waombwe wafundishe manahodha na makocha kabla ya msimu. Waamuzi nao wakumbuke Sheria ya 5 inawataka wasimamishe mchezo mtu akiumia vibaya. Wasikubali kuharakishwa na kelele za jukwaani.

Ndondo inayopata hela ya mbuzi wa bingwa haiwezi kukosa hela ya ubao. Dakika tano zitakazopotea zitafidiwa mwishoni. Miguu ya kijana haina dakika za nyongeza.